Rivyu ya somo la Muziki kidato cha tatu na nne: tamu, lakini si la kupumzikia

Wadau, nimeona niandike hii mara moja niachane na kutuma voisi za dakika saba saba kila mtu akiniuliza. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, hili kundi la kwanza kabisa la sekondari ya juu ya mfumo mpya, na ameng'ang'ana anataka Muziki na Dansi. Mamake hataki hata kusikia. Wakaamua refarii niwe mimi, manake ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu niliyefanya Muziki hadi KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Na si wao tu, kila msimu wa kuchagua masomo lazima mtu anipigie. Sasa basi, hii hapa. Nimelisoma miaka minne, miwili ya mwisho kwa jasho kabisa, na nalipima vile mtu anavyopima friji aliyonunua dukani: waliniambia itafanya nini, imefanya nini, na nani asijisumbue kununua.

Nyota natoa hapa hapa ili mwenye haraka aende zake. Somo lenyewe, nne na nusu kwa tano. Jinsi nilivyouziwa na jinsi shule yangu (siitaji) ilivyolitoa, mbili, na hizo mbili zote ni za ticha mmoja.

Tuanze na kuuziwa. Kidato cha pili mwishoni watu wanachagua masomo. Kwa wasiojua, KCSE ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 masomo yamepangwa makundi matano, na Muziki uko kundi la tano pamoja na Bizna (Masomo ya Biashara), Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Lugha ya Ishara. Kwetu hapo ndo palikuwa na kona, ratiba iliwekwa Muziki saa ile ile ya Bizna, ukishika huku umeacha kule, na Bizna ndo lile somo kila mtu anakwambia ni A ya bure. Basi mwalimu mmoja, wala si wa Muziki, akasimama mbele ya darasa akasema Muziki ni wa wale waliochoka na hesabu, mnaimba imba kidogo, mnapuliza filimbi, mnaenda mashindano na basi la shule mnarudi na cheti. Tukainua mikono watu ishirini na tatu. Mimi nilikuwa natoka kwaya ya kanisa, sauti ya pili naiimba hata usingizini, nikajiona nishafika.

Mwezi wa tatu wa kidato cha tatu tulikuwa saba.

Waliotoka si kwamba walikuwa wajinga, mmoja wao leo ni daktari. Walitoka kwa sababu walifikiri wanakuja kuimba wakapewa daftari la mistari mitano mitano na kuambiwa andika ulichosikia. Kitu chenyewe ni kwamba somo hili lina hesabu, tena hesabu za papo hapo, na hauna kikokotoo.

Pepa ni tatu. Ya kwanza praktikali, mtahini anakuja unapiga na kuimba mbele yake. Ya pili ni ya kusikiliza, mnawekewa sidii na mnaandika mnachosikia. Ya tatu ni ya kuandika tu: unatunga melodia, unapanga sauti nne, halafu historia ya muziki wa Kiafrika na wa Ulaya na kuchambua vipande. Watu wanaiogopa ya tatu kwa vile ni ndefu na ya kwanza kwa vile ina aibu, lakini inayoua watu kimya kimya ni ya pili.

Histo unaweza kukesha. Jogo (Jiografia) unaweza kukesha. Mimi mwenyewe nimewahi kumeza sura nzima ya Biolojia usiku mmoja na maji ya baridi miguuni nisilale, na nikapita. Pepa ya pili ya Muziki haina cha kukesha. Inawekwa redio mbele, watu kimya, unapigwa mdundo kwa noti moja tu, kwanza wote halafu vipande vipande, na wewe unaandika hii ni pigo moja, hii nusu, hii pigo na nusu, hapa pamenyamaza. Kisha inakuja melodia, hapo sasa mdundo na sauti vyote kwa pamoja. Kisha intavo, zinapigwa noti mbili utaje umbali wake. Kisha kedensi, yaani namna muziki unavyofunga sentensi yake. Kisha muziki umeanzia ufunguo huu, yaani nyumbani kwake ni noti hii, umehamia upi. Ukipitwa umepitwa, sidii haina habari na wewe, na jirani hakuna haja ya kumchungulia manake uso wake ni kama wako.

Ticha wetu alikuwa na dawa moja tu ya hii kitu na nilimchukia nayo karibu mwaka mzima. Kila asubuhi dakika kumi kabla ya vipindi, kwa piano, anapiga noti mbili tunamjibu kwa solfa. Do-so. Mi-la. Re-fa. Kesho tena. Keshokutwa tena. Na hapo ndo nilijigundua. Miaka yote ile ya kwaya kumbe sikuwa nasikia chochote, nilikuwa namfuata mama mmoja aliyekuwa anasimama kulia kwangu, yeye akipanda napanda, yeye akikosa nakosa, na siku asipokuja nilikuwa naimba sauti ya kwanza bila kujua nimehama. Nikiwekwa peke yangu na noti mbili za piano nilikuwa kiziwi kabisa. Mvulana mmoja darasani ambaye hakuwahi kuimba kwaya yoyote, yeye alikuwa anapiga ngoma tu huko kwao, alinishinda kwa midundo hadi nikakasirika.

Ilinichukua kuanzia Februari mpaka kama Agosti. Halafu siku moja niko Mwembe Tayari, Mombasa, nangoja gari, matatu moja ikapiga honi yake ile ya noti mbili ya kushuka, nikajikuta nimesema "so-mi" kwa sauti kubwa kabisa, konda akanigeukia akaniuliza, "Umesema waenda wapi, dada?" Nilicheka peke yangu hadi nyumbani. Kuanzia hapo ikawa haizimiki. Mlango wa friji, kengele ya simu, muadhini, muuza kashata anayegonga gonga vikombe, kila kitu kina jina. Inachosha pia, msiniulize mimi kuhusu kwenda harusi yenye MC anayeimba nusu sauti chini ya kibodi.

Kedensi alitufundisha vizuri mno. Ile ya kanisani mwisho wa wimbo, "A-mina", alisema hiyo ishikeni kwanza, hiyo ndo plagali, mkishaisikia hiyo zingine mtazitafuta kwa kuitoa. Na ufunguo mdogo, ule wa huzuni huzuni, alitufundishia kwa wimbo wa taifa. Akatuambia tusimame tuimbe, tukaimba, akauliza nyumbani kwake ni do au ni la. Darasa zima likasema do. Akatuimbisha tena taratibu. Ni la! Tumeimba wimbo huo kila bendera ikipandishwa tangu darasa la kwanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugundua kwamba uko kwenye ufunguo mdogo. Ndo akatueleza ulivyopatikana, kwamba melodia ni ya bembelezi ya Wapokomo kule mto Tana, aliyetoa ni Mzee Meza Galana, na mwaka 1963 ikakaa kamati ya watu watano kuipanga, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, huyu wa mwisho mtu wetu wa Pwani. Mimi kwa siku hiyo peke yake niko tayari kutoa nyota mbili.

Sasa sauti nne. Unapewa melodia ya juu, yaani soprano, unatakiwa kuweka alto, tenori na besi chini yake, ukitumia kodi chache tu (si hizi za KRA, hizi ni za noti tatu tatu). Inaonekana rahisi hadi uanze kukatazwa. Sauti mbili zisitembee pamoja zikiwa mbali kwa noti tano, yaani besi iko do na soprano iko so halafu zote zinapanda moja re na la, kosa. Zisitembee pamoja kwa nane pia, kosa. Ti lazima ipande do. Tenori asivuke kichwa cha alto. Usimwachie besi mruko wa ajabu ajabu. Nilikuwa naandika vipimo nane (vile visanduku vya mapigo kwenye nota) najiona mtunzi mkubwa, ticha anavirudisha vimejaa wino mwekundu kama damu ya kuku. Nikamuuliza siku moja, mwalimu, kwaya yetu kanisani inafanya hizi tano tano kila Jumapili na watu wanalia machozi, kosa liko wapi? Hakukasirika. Akapiga piano mara mbili, mara ya kwanza nilivyoandika mimi, mara ya pili alivyorekebisha, akaniuliza umesikia watu wangapi. Ile yangu ilikuwa na watu watatu, besi na soprano wameshikana wamekuwa mtu mmoja. Ile yake walikuwa wanne. Akasema kanisani endeleeni, hapa mtahini anataka wanne. Nikaelewa, na sikubishana tena.

Kutunga melodia ya vipimo 16 ilikuwa sehemu yangu ya raha, unapewa mwanzo unaumalizia, unahamia ufunguo wa so katikati kisha unarudi nyumbani. Historia ya Ulaya sina mengi, ni ya kusoma tu, Palestrina na Haydn na Schubert, nani alizaliwa wapi na aliandika nini. Ingawa ile ya Haydn kutumikia ukoo mmoja wa matajiri, Esterházy, karibu miaka thelathini kama mfanyakazi mwenye yunifomu, hiyo ilinikaa, nikifika kazini asubuhi nikavaa beji namkumbuka mzee wa watu.

Kabla sijaenda kwa malalamiko, kuna binamu yangu alisoma Uingereza akafanya A Level ya Muziki, bodi ya Edexcel, tulikuwa tunalinganisha kwa simu. Kwao kupiga ni asilimia 30, kutunga 30, kusikiliza na kuchambua 40. Kupiga kwenyewe ni resaito, yaani onyesho, la dakika nane au zaidi, inarekodiwa. Na kutunga anapewa miezi kadhaa ya kukaa na kompyuta anaandika kitu chake cha dakika kadhaa, si kama sisi vipimo 16 ndani ya chumba cha mtihani saa inagonga. Nilimuonea wivu hapo, sisemi uongo. Yeye naye alinionea wivu aliposikia nimeingia praktikali na chivoti, filimbi ya huku kwetu.

Malalamiko sasa. Shule yetu ilikuwa na piano moja, ya zamani, ya mbao, zawadi ya mtu, nzuri ukiitazama. Ilikuwa na funguo kumi na moja zilizokufa na la ya katikati ilikuwa inakwama chini, ukiipiga lazima uinyanyue na kucha. Unyevu wa Mombasa na piano ya mbao ni maadui, yeyote mwenye piano Pwani atakwambia, nyuzi zinapata kutu na mbao zinavimba, na fundi wa kuitengeneza si wa kupatikana kila kona. Tuliomba itengenezwe mihula mitatu. Tuliambiwa fedha za Muziki zilienda kwa sare za wachezaji dansi wa mashindano. Na mashindano yenyewe siyapingi, Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927 na limelea wanamuziki wengi sana, nilienda mara mbili na huko ndo niliacha kutetemeka jukwaani. Lakini shule nyingi zinaona tamasha ndo Muziki. Kombe linakaa ofisini kwa mkuu, mgeni analiona. Piano iliyokufa funguo kumi na moja nani aione?

Kisha kidato cha tatu muhula wa pili ticha akahamishwa. Hivi hivi tu, Jumatatu hayupo. Tukakaa wiki tisa bila mwalimu, watu saba kwenye chumba na piano mbovu, na shule inatuambia tujisomee kwa vikundi. Fizikia unaweza ukajisomea kwa kikundi. Kusikiliza utajisomeaje, nani apige na nani ajibu? Tulijaribu, kila mmoja zamu yake, anayepiga anapiga mwenyewe anakosea, tunabishana nusu saa nani mwenye makosa. Tulimpigia ticha wa zamani akawa anatutumia sauti kwa simu ya mama yake mmoja wetu, jioni tunasikiliza sote kichwa kimeinamia spika ndogo. Hizo nyota mbili za huduma ni zake huyo. Mtihani wa majaribio sidii ilikuwa inaruka ruka kwenye swali la melodia, tukainua mikono, msimamizi (mwalimu wa Kemia, maskini) akasema andikeni mnachosikia. Nikaandika nilichosikia, na mirukoruko. Nilipata sifuri pale.

Vifaa vya kwako mwenyewe kwa kweli si ghali, tofauti na wanavyosema. Rikoda (ile filimbi ya plastiki) nilinunua mjini kwa mia tano na kitu, daftari la nota, penseli nyingi, kifutio kizuri. Wengi wanaingia praktikali na rikoda kwa sababu hiyo, na hakuna ubaya. Ghali ni kama unataka piano au fidla na mwalimu wa pembeni, na hapo ndo utaona tofauti, kuna watoto wa Nairobi wanafika kidato cha tatu wakiwa washafanya gredi za ABRSM (mitihani ya muziki ya Uingereza) mpaka ya tano, wanachukua masomo Jumamosi pale Kenya Conservatoire ambayo ipo tangu 1944, hao mkikaa nao pepa moja wewe na rikoda yako ya mia tano jua tu mmeanzia sehemu mbili tofauti.

Ila kuna sehemu moja hawana cha kukushinda, na hapa naomba mnisikilize wazazi wa huku kwetu. Nusu ya Kiafrika. Kwenye praktikali unaonyesha pia kitu cha kiasili, na kwenye pepa ya tatu unaulizwa ala na ngoma za kila upande, nyatiti ya Wajaluo na nyuzi zake nane, obokano ya Wakisii, isukuti ya Waluhya ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, wandindi ya Wakikuyu, sengenya ya Wadigo. Darasani wengi wanaikariri kama orodha, ala hii ni ya kabila lile, ina nyuzi ngapi, basi. Mimi nilikuwa naenda hivo hivo mpaka ticha, kabla hajahamishwa, akaniuliza wewe kwenu ni Pwani, unaenda kuimba wimbo gani wa kiasili? Nikamtajia wimbo wa harusi. Akasema kila mwaka unaimbwa huo. Tafuta mtu.

Nikatafutiwa mzee mmoja Kwale, rafiki yake babu, anapuliza chivoti. Ni filimbi ya ulalo, ya mwanzi, matundu sita ya vidole na moja la kupulizia. Likizo ya Agosti nilienda kwake kila Jumanne na Ijumaa. Siku ya kwanza hakunipa kupuliza, alinipa mwanzi na kisu. "Babu, mimi nimekuja kujifunza kupiga," nikamwambia. Akanijibu, "Utapigaje kitu hukijui kilivyotoka?" Akawasha moto, akaweka nondo nyembamba hadi ikawa nyekundu, akawa anatoboa tundu moja moja, moshi unatoka mtamu hivi kama muwa ulioungua, na vipimo vyake ni vidole vyake mwenyewe, vidole viwili kutoka hapa, kidole na kucha kutoka hapa. Hakuna rula. Nikamuuliza akikosea. Akanionyesha kwenye paa, kulikuwa na mianzi kama ishirini imechomekwa kwenye makuti. Yote ilikosewa.

Kupuliza kwenyewe kulinichukua wiki mbili hadi itoke sauti isiyo ya upepo mtupu, kichwa kinazunguka, naona nyota. Na ilipotoka nikaenda nayo shule kwa fahari, nikaiweka kando ya rikoda, nikapiga skeli, do mpaka do. Fa haikuwa fa. Ilikuwa juu kidogo, si fa na si ile nyeusi ya piano inayofuata, iko hapo katikati imekaa kama mwenye nyumba. Nikafikiri chivoti changu ni kibovu. Jumanne nikamrudishia mzee, nikamwambia babu hii noti imekosea. Akaichukua akapiga wimbo mzima nayo, mrefu, macho amefunga. Akaniuliza, "Wapi ilipokosea?" Sikuwa na jibu, manake ndani ya wimbo ule noti ile ilikuwa mahali pake kabisa, ukiitoa uweke ya piano wimbo unakufa. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nafundishwa kusikia kwa piano yenye funguo kumi na moja zilizokufa, halafu namletea mzee mwenye miaka sabini habari ya makosa.

Praktikali nayo nitasema haraka. Chumba cha Home Science, mtahini mama mmoja mpole mwenye miwani, anaandika bila kuinua kichwa. Rikoda ilikwenda sawa. Skeli, moja niliirudia. Kusoma nota papo hapo nilianza kwa mwendo wa haraka kuliko uwezo wangu, kosa ambalo kila mtu analijua na kila mtu analifanya, katikati nikapotea nikaokota mwishoni. Halafu chivoti. Nilipuliza wimbo wa mzee, na nilipofika ile fa yule mama akainua kichwa, mara ya kwanza tangu niingie. Sijui aliandika nini. Ila alinyoosha mkono akaomba akitazame, akakigeuza, akauliza nani alitoboa. Nikamwambia mimi na babu.

Nilipata B plasi. Pepa ya pili ndo iliniangusha, najua kabisa, zile wiki tisa. Wengine kati yetu saba, wawili walipata A, mmoja ni yule mpiga ngoma. Bizna ningepata A? Huenda. Kwa wazazi wanaouliza "atafanyia nini": KCSE sasa inahesabu Hesabu, lugha moja na masomo matano mengine mtoto aliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo Muziki ukifaulu unabeba alama sawa na Jogo. Chuoni, Kenyatta wana idara ya muziki na dansi, Maseno wanafundisha pia. Mimi sikwenda huko, mimi ni karani bandarini, na Jumapili nafundisha kwaya, sauti nne kweli kweli, watu wanne. Nani asichukue? Anayependa kuimba tu na hataki kuandika, ajiunge na kwaya atafurahi zaidi. Na yule ambaye shule yake haina mwalimu wa Muziki wa kudumu, hata akiwa na kipaji cha kutisha, mwambieni asubiri au ahame, mimi singependa mtu apitie wiki tisa zangu.

Sasa huyu mpwa wangu. Kwenye mfumo mpya anachagua njia, yake ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, na Muziki na Dansi ni moja ya masomo yake matatu ya kuchagua. Mamake alitaka nimkataze. Nikamwambia dada, siwezi kusema ndio wala la kwa shule nisiyoijua, mtoto afanye kazi kidogo kwanza. Nikampa kazi mbili. Ya kwanza amuulize mwalimu wa Muziki ana miaka mingapi pale na vipindi vingapi kwa wiki ni vya kusikiliza tu. Ya pili aingie chumba cha muziki, abonyeze piano funguo zote, moja moja, kutoka kushoto hadi kulia, polepole, anirekodie.

Majibu ya mwalimu yalikuwa mazuri, miaka sita, vipindi viwili. Rekodi ilikuja Jumatano usiku, dakika tano na nusu. Nimekaa jikoni na earifoni nikasikiliza yote na kalamu mkononi, mume wangu ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Tatu hazilii, zote za chini kabisa, hizo hazina shida. Moja ya juu inalia na mwenzake. Na la ya katikati iko chini kidogo, lakini inalia, na haikwami.

Nikampigia dada nikamwambia amnunulie daftari la nota.